Nakshi ya Tairi Si Dhamana ya Abiria

Mvua za mkoa wa Singida ni za msimu mmoja, na kila zinapoanza, mwendesha pikipiki wa Iramba hukabiliana na barabara mbili katika safari moja. Kwenye mteremko wa Sekenke yuko juu ya lami iliyolowa. Akishaingia njia za mbuga ya Wembere, yuko ndani ya tope jeusi linalonata. Lami yataka mifereji ya kutoa maji chini ya tairi. Tope lataka kashata nene zilizoachana. Hakuna tairi moja linaloweza kuyatimiza yote mawili kwa ukamilifu, lakini dukani mnunuzi huonyeshwa mchoro unaopendeza, naye hulipa kwa kuamini macho yake.

Watengenezaji wenyewe wanaijua tofauti ya pambo na kazi. Nchini Marekani, tangu mwaka 1842, sheria humpa mbunifu haki juu ya pambo la kitu cha kiwandani, na michoro ya matairi ya pikipiki husajiliwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa maombi yaliyopelekwa tangu tarehe 13 Mei, 2015, haki hiyo hudumu miaka 15. Sharti ni kwamba mchoro uwe pambo. Umbo linalolazimishwa na kazi peke yake halikubaliwi. Msajili haulizi kama tairi litashika barabara.

Kwetu pia usajili wa mchoro ni jambo mbali na upimaji wa ubora. Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1999, inahusu hataza na michoro ya viwandani, na Zanzibar ilitunga sheria yake ya mali za viwandani mwaka 2008. Cheti cha mchoro humzuia mshindani asiuige. Hakimwambii mama mjamzito anayepelekwa zahanati kwa bodaboda kwamba atafika salama.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba hawahitaji kufundishwa haya. Wao wamezaliwa kati ya milango ya nakshi, na wanajua kuwa mlango hudumu kwa ubao wake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

La muhimu zaidi katika tairi limeandikwa ubavuni, mahali ambapo wachache hupatazama: tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umetundikwa dukani. Kashata hubaki nzima na weusi ukang'aa, kumbe umekwisha kuwa mgumu na kuanza nyufa. Hatari zaidi ni yule anayechukua tairi kipara akalichonga mifereji mipya kwa kisu. Huyo hurudisha sura na kupunguza mpira uliosalia juu ya nyuzi. Huo ni udanganyifu, si ufundi, na tunashangaa kwamba wapo wanaouonea fahari.

Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiliacha uzalishaji mwaka 2009, na taifa limeendelea kununua matairi nje. Kwa hiyo ukaguzi wa bandarini na madukani hauna budi kuwa mkali, Bara na Visiwani, na Shirika la Viwango lisome tarehe ya tairi kabla ya kutazama chapa.

Lakini si haki kumwandama kijana wa bodaboda peke yake. Wengi wao huendesha pikipiki isiyo yao, na kila jioni humpelekea tajiri hesabu yake. Tairi likiisha, kila mmoja humtazama mwenzake. Tunaziomba halmashauri za Singida, kwa kushirikiana na vyama vya waendesha bodaboda, zihakikishe kuwa mkataba wa pikipiki unataja kwa maandishi nani anunue tairi, na ni lini la zamani litolewe barabarani.