Kona ya Kompyuta: Diski Isiyoonekana Si Lazima Iwe Imekufa

Klasta ni kompyuta kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Wazo hili si geni. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa NASA nchini Marekani, waliunganisha kompyuta 16 za bei nafuu wakaziita Beowulf, na tangu hapo hata wasio na fedha nyingi hujijengea za kwao. Klasta ya klabu yetu ina kompyuta tatu kuukuu na diski 12, na kazi yake ni kutunza sauti. Wanachama wakienda likizo nyumbani hurudi na hadithi, vitendawili na nyimbo za harusi za wazee, zote zikiwa kwenye simu. Simu hupotea, na wazee wenyewe hawatuachi milele.

Tunatumia Ceph, programu ya bure ambayo kwa kawaida huweka nakala tatu za kila kitu, kila nakala kwenye kompyuta yake. Tulipoiwasha, ilikubali diski saba tu. Wengi mmetuuliza kama zile tano zimekufa. Hapana, hata moja haikufa.

Tunaposema diski "haionekani", tuulizane kwanza: haionekani na nani? Kuna ngazi tatu za kupanda: BIOS, Linux, kisha Ceph. Anzia chini, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati.

Ngazi ya kwanza ni BIOS. Diski isipokuwemo humo, tatizo ni la vyuma na nyaya, na hakuna amri ya Linux itakayosaidia. Iguse diski kompyuta ikiwa imewaka: yenye sahani zinazozunguka hutetemeka kidogo. Ikiwa kimya, shuku umeme. Moja ya diski zetu ilikuwa na waya uliolegea tu. Nyingine ilikuwa kimya ingawa waya ulikuwa mzima, kwa sababu ilitolewa ndani ya kasha la nje la USB. Baadhi ya diski hizo hufuata kanuni mpya ya SATA: pini ya tatu ya umeme ikipata volti 3.3, diski hujizima. Tulitumia adapta ya Molex, isiyo na volti hizo, ikaamka. Ya tatu ilitetemeka lakini BIOS haikuiona. Kwenye baadhi ya bao mama, tundu la M.2 hugawana njia na tundu mojawapo la SATA; ukijaza la kwanza, la pili hufungwa. Kitabu cha ubao hutaja ni lipi. Tulihamisha waya, ikaonekana.

Ngazi ya pili ni Linux. Amri ya lsblk huorodhesha diski, na dmesg hueleza kilichotokea wakati wa kuwaka. Kama BIOS inaiona diski ya NVMe lakini Linux haiioni, angalia kama BIOS imewekwa kwenye RAID badala ya AHCI, maana RAID huweza kuificha. Msibadilishe hali hiyo kama kuna data mnayoihitaji. Na mkipewa diski za SAS kutoka kwenye seva kubwa, zikaonyesha ukubwa wa sifuri, huenda zimepangwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512. Zinahitaji kupangwa upya.

Ngazi ya tatu ni Ceph. Diski mbili za mwisho zilionekana vizuri kwenye Linux, ila Ceph ilizikataa. Amri ya ceph orch device ls hutoa sababu: Ceph haichukui diski yenye mfumo wa faili au mabaki ya LVM. Ushauri wa kawaida ni kuifuta kwa amri ya zap, na papo hapo inakubaliwa. Hapa ndipo tunawaomba msimame kidogo.

Moja ilikuwa na mabaki ya LVM tu, bila kitu ndani. Ya pili ililetwa na mwenzetu kutoka kabatini kwao, na nyumbani kila mtu aliamini ni tupu. Tuliifungua kwa kusoma tu. Ndani mlikuwa na sauti ya bibi yake, ambaye ameshafariki, akiwasimulia wajukuu hadithi za sungura na fisi. Tulinakili kwanza, tukasikiliza nakala mpaka mwisho, tukaipa familia yake, ndipo tukafuta. Ceph ilikuwa imekataa kwa sababu nzuri.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta, linganisheni namba iliyobandikwa kwenye diski na ile inayotolewa na lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL. Msitegemee majina kama sda na sdb, kwani yanaweza kubadilika kompyuta ikiwashwa upya. Mmoja asome namba kwa sauti, mwingine aandike amri.

Sasa diski zote 12 zinafanya kazi. Lakini nakala tatu hazimkingi anayefuta faili kwa bahati mbaya: zikifutika, zinafutika zote. Ndiyo maana nakala ya nne inakaa kwenye diski iliyo jengo jingine. Nafasi ipo, wenzetu. Leteni simu zenu kabla hazijapotea, na mkienda likizo, waombeni wazee waanze kwa kutaja majina yao.