Dhamana ya Gari ni Mkataba, Si Hisani

Mfanyakazi wa Marekani anunuapo gari jipya hukabidhiwa pamoja na ufunguo kitabu cha dhamana. Ndani yake kiwanda huahidi kwamba gari likiharibika kwa kasoro ya vifaa au ya ufundi, litatengenezwa bila malipo. Kwa makampuni mengi ya nchi ile, ahadi hiyo ni ya miaka 3 au maili 36,000 kwa gari zima, na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na giaboksi, lolote litakalotangulia kutimia. Ahadi hii si sadaka. Gharama yake imo ndani ya bei, na mnunuzi huilipa kidogo kidogo kutoka katika mshahara wake.

Lakini upo ugomvi wa siku nyingi juu ya ahadi hiyo. Wenye magari wengi hupeleka magari yao kwa mafundi wa nje ili injini ziongezwe nguvu. Siku injini ikivunjika, wakala wa kiwanda husema kwamba dhamana imekufa. Mwenye gari naye hujibu kwamba sheria ya nchi inamlinda. Ni nani msema kweli? Sisi twaona kwamba kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo iletayo madhara.

Kwanza yafaa tuielewe kazi yenyewe. Zamani fundi aliyetaka nguvu zaidi alibadili kabureta au alichonga kichwa cha silinda. Injini ya leo hutawaliwa na kompyuta. Hiyo ndiyo iamuayo petroli iingie kiasi gani, plagi ziwake wakati gani, na katika injini yenye tabo, hewa isukumwe ndani kwa nguvu gani. Fundi wa leo huingiza katika kompyuta hiyo programu nyingine iliyo na amri mpya. Jambo hili lawezekana kwa sababu kiwanda huacha akiba. Gari la namna moja litauzwa kwa mtu wa joto la Arizona na kwa mtu wa baridi ya Minnesota. Mmoja atalitunza vema, mwingine atachelewa kubadili oili. Ile akiba ndiyo inayowastahimilia wote. Fundi anapoongeza nguvu huila akiba hiyo. Nguvu hupatikana kweli, hatukatai. Lakini joto na mgandamizo ndani ya silinda hupanda, na klachi, giaboksi, pistoni na tabo hubebeshwa mzigo zaidi ya ule ambao kiwanda kilizipimia.

Sasa tuitazame sheria. Tarehe 4 Januari 1975 Rais Gerald Ford alitia saini Sheria ya Magnuson-Moss, iliyopewa majina ya Seneta Warren Magnuson na Mbunge John Moss. Sheria hiyo inakataza kampuni kuifunga dhamana yake kwa sharti kwamba mnunuzi atumie vifaa au mafundi wa kampuni hiyo peke yao, isipokuwa inavitoa bure au imepewa kibali maalum na Tume ya Biashara ya Shirikisho. Tume hiyo imeeleza kwamba kampuni inayokataa kutengeneza gari kwa sababu ya kifaa cha mtu mwingine sharti iweze kuonyesha kwamba kifaa hicho ndicho kilicholeta uharibifu. Wala maneno hayo hayakubaki karatasini. Mwaka 2018 Tume iliyaandikia makampuni 6 barua za onyo, na mwaka 2022 ikaichukulia hatua kampuni ya pikipiki ya Harley-Davidson kwa masharti ya dhamana yaliyowazuia wanunuzi kutumia vifaa vya wengine.

Basi wakala asemaye kwamba dhamana yote imekufa kwa sababu programu ya injini imebadilishwa, amepita mpaka wake. Ikiwa kioo cha mlango kimekataa kupanda, au kiyoyozi kimeacha kutoa baridi, programu ya injini inahusika vipi? Kiwanda kilikiahidi kioo na kiyoyozi kama kilivyoiahidi injini. Kukataa kuvitengeneza ni kumwadhibu mnunuzi, na kiwanda si hakimu hata kitoe adhabu.

Hata hivyo hatuna budi kusema ukweli kwa upande wa pili pia. Sheria ya 1975 haikusema kwamba kila kitakachovunjika kitalipwa. Inamlinda vizuri mtu aliyebadili chujio la hewa au plagi kwa nyingine ya daraja lile lile. Aliyeiamuru tabo isukume hewa kuliko ilivyoundwa, kisha tabo ikapasuka, ana kesi nyingine kabisa. Vitabu vingi vya dhamana vimeandika waziwazi kwamba uharibifu utokanao na mabadiliko ya injini haulipwi, na kampuni haitapata taabu kubwa ya kuonyesha chanzo. Mtu huyo amechagua nguvu na kuacha kinga. Ni haki yake kuchagua, ila asije akalia kwamba hakuambiwa.

Wako pia wanaorudisha programu ya kiwanda usiku, asubuhi wakaenda kwa wakala na uso wa mtu asiye na hatia. Huo ni udanganyifu, na gharama yake mwishowe huingia katika bei ya magari ya wenzao. Tena ni ujanja mfupi, kwa kuwa kompyuta nyingi za magari ya siku hizi huweka hesabu ya mara ngapi zimeandikwa upya. Wengine huenda mbali zaidi, wakang'oa vifaa vya kupunguza sumu katika moshi. Hao hawakabili tena swali la dhamana tu, kwa maana Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inakataza jambo hilo, na moshi ule huvutwa na watoto wa jirani.

Lakini kiini cha ugomvi huu ni ushahidi, na ushahidi uko mikononi mwa upande mmoja. Gari likiunganishwa na mashine ya wakala, kompyuta yake husema yote. Kwa magari ya Volkswagen na Audi nchini Marekani, likionekana lina programu isiyo ya kiwanda, kumbukumbu zake hutiwa alama iitwayo TD1, na tangu hapo madai yahusuyo injini na mitambo ya kuendeshea gari yaweza kukataliwa. Alama hiyo yathibitisha kwamba programu imebadilishwa. Haithibitishi kwamba programu hiyo ndiyo iliyovunja kifaa. Hayo ni mambo mawili, na anayeyafanya kuwa moja humpokonya mnunuzi haki yake bila kumsikiliza. Kampuni ina wahandisi, kumbukumbu na mawakili. Mfanyakazi ana gari lililosimama, na kesho alfajiri anatakiwa kazini. Sheria inamruhusu kushtaki, na akishinda mahakama yaweza kuiamuru kampuni ilipe gharama za wakili wake; lakini ni wangapi wawezao kungoja miezi yote hiyo bila gari?

Makampuni husema kwamba wanaoijua injini ni wao, basi waaminiwe. Twawakumbusha mwaka 2015. Mwaka ule ilifichuliwa kwamba Volkswagen yenyewe ilitia katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua kuwa gari liko katika kipimo cha moshi. Wakati wa kipimo moshi ulisafishwa, barabarani uliachiwa. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika, na Machi 2017 ikakiri makosa yake mbele ya mahakama ya Marekani. Hatusemi kwamba kosa la kiwanda linahalalisha kosa la mnunuzi. Twasema kwamba neno la mwenye nguvu lisichukuliwe kuwa ushahidi. Aliye na vyombo vya kupimia ndiye apaswaye kuthibitisha, na uthibitisho wake uwe wazi kwa mwenye gari.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimekwenda mbele kidogo katika jambo hili. Mbali na dhamana ya hiari ya kiwanda, sheria humlazimisha muuzaji wa bidhaa mpya kuwajibika kwa kasoro kwa muda usiopungua miaka 2. Kasoro ijitokezayo ndani ya mwaka wa kwanza kwa kawaida huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vingine. Mtu aliyeongeza nguvu za injini hapati kinga kamili huko pia, lakini mwanzo wa shauri hauko dhidi yake.

Msomaji wetu wa Afrika Mashariki atauliza: haya yanatuhusu nini? Magari mengi ya kwetu yanatoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na dhamana ya kiwanda huwa imekwisha kabla meli haijatia nanga Mombasa au Dar es Salaam. Ni kweli. Lakini pikipiki mpya za bodaboda, matrekta na simu huuzwa kwetu pamoja na karatasi za dhamana, na ugomvi ni ule ule: nani aliharibu, na nani athibitishe? Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupewa habari anazohitaji. Tanzania nayo iliweka kinga za mlaji katika Sheria ya Ushindani ya 2003. Haki hizo hazimfai mtu asiyezijua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla fundi hajagusa injini ya chombo chenye dhamana, kisome kile kitabu. Ukiamua kuongeza nguvu, tenga fedha ya kununua giaboksi nyingine, maana huenda ukaihitaji. Weka stakabadhi za oili na za kila tengenezo. Ukikataliwa, usikubali neno la mdomo. Omba sababu kwa maandishi, yakitajwa kifaa kilichovunjika na jinsi mabadiliko yako yalivyokivunja. Kisha mtafute fundi asiye wa upande wowote akipime. Vyama vya wafanyakazi na vya ushirika vyaweza kusaidia hapa, kwa kuwa barua ya watu mia moja husomwa haraka kuliko ya mtu mmoja. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo lamhusu mwenye gari sawasawa na mwenye duka.