Nani Atapima Macho ya Askari?

Katika siku zangu za ukadeti tulikuwa na mkufunzi mmoja, sajini mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, ambaye kila alipopokea karatasi ya amri alimkabidhi kadeti na kumwambia: "Soma kwa sauti, wenzako wasikie." Sisi tuliamini kwamba anatufundisha kutoa amri. Ilipita miaka kadhaa kabla sijatambua kwamba afande yule hakuwa akiyaona maandishi. Hakuthubutu kusema, kwa kuwa alihofu kuandikwa kuwa hafai tena kwa utumishi.

Ndugu askari, wa namna yake wapo wengi katika vikosi vyetu, na ninyi mnawafahamu. Jicho la binadamu huanza kupungukiwa na uwezo wa kuona vitu vya karibu mtu afikiapo umri wa miaka 40 hivi. Hilo si ugonjwa wala si aibu. Humpata koplo wa polisi anayeandika maelezo katika daftari la kituo, humpata msoma ramani, humpata hata mlenga shabaha, maana kile kijiti cha kulengea kilicho mbele ya mtutu hakiko mbali na jicho kupita urefu wa mkono. Dawa yake ni miwani, na miwani haipatikani pasipo mtu wa kupima.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango maalumu wa miwani mwezi Mei 2024, likieleza kwamba miongoni mwa watu wote duniani wasioona mbali kwa sababu ya kukosa miwani, ni asilimia 36 tu waliopata miwani inayowafaa.

Tunapozungumza habari za macho, fikra za wengi humwendea daktari bingwa. Bwana huyo husomea udaktari miaka 5, hufanya mazoezi ya kazi mwaka mmoja, kisha husoma miaka 3 mingine ya ubingwa, Makerere au Mbarara. Kumtumia mtu kama huyo kumsomesha askari herufi zilizo ukutani ni sawa na kumweka kamanda wa brigedi zamu ya langoni. Yeye anangojewa na wagonjwa wa mtoto wa jicho.

Chini yake zipo ngazi nyingine. Matabibu waliokwisha kufuzu stashahada huongezewa mafunzo ya macho katika chuo cha Jinja, na hao ndio wanaobeba mzigo mkubwa katika hospitali za wilaya. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya optometria, ambayo huchukua miaka 4 kwa kijana aliyemaliza Senior 6 kwa masomo ya sayansi. Mhitimu wake hupima uwezo wa kuona, huandika namba ya miwani, na akiona dalili za ugonjwa humpeleka mgonjwa kwa daktari. Yupo pia fundi miwani, ambaye hukata lenzi na kuhakikisha kuwa kitovu chake kimeelekea sawasawa na mboni. Akikosea milimita chache tu, mvaaji huumwa kichwa na miwani huishia sandukuni.

Aliyesahauliwa ni msaidizi: yule anayempokea mgonjwa, anayepima macho kwa umbali wa mita 6, anayeendesha mashine na kuandika kumbukumbu. Mara nyingi hufundishwa kazini, na cheo chake hakieleweki.

Nchini India alikuwako daktari wa jeshi, Govindappa Venkataswamy, aliyeacha utumishi mwaka 1948 kwa maradhi ya viungo yaliyomkunja vidole. Akajifunza upya kushika kisu cha upasuaji. Mwaka 1976 alifungua hospitali ya macho yenye vitanda 11 mjini Madurai. Siri ya hospitali hiyo, iitwayo Aravind, ni wasichana wa vijijini waliomaliza sekondari, ambao hufundishwa miaka 2 na kukabidhiwa kazi zote zisizohitaji daktari. Daktari hubakiwa na upasuaji, kwa hiyo huwahudumia watu wengi mno.

Sioni kwa nini mhudumu wa tiba wa kikosi asiweze kufundishwa vivyo hivyo. Nidhamu anayo, na kuandika kumbukumbu amezoea. Lakini nasema wazi kwamba mafunzo bila ngazi ni kumdanganya kijana. Nimepata kuona askari aliyefundishwa ufundi mzuri akirudishwa kulinda ghala, na ufundi ukamtoka. Tena cheti chake sharti kitambuliwe chini ya Sheria ya Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 1996. La sivyo, siku ya kustaafu hataweza kufungua hata chumba kidogo cha miwani mjini.

Jambo jingine ni hofu ile ya sajini wetu. Upimaji wa macho ukiwa mlango wa kumfukuzia mtu, askari watakariri herufi za ukutani kama wanavyokariri namba zao za jeshi. Anayepimwa na kuona vizuri kwa miwani abaki na kazi yake, na jambo hilo litangazwe kwenye gwaride kabla ya siku ya kupima.

Kwa askari kijana anayeuliza aanzie wapi: zitunze karatasi za mtihani wako wa sayansi. Kama uliishia Senior 4, ulizia kwanza chuo kinachotoa stashahada ya utabibu, kwa maana njia ya Jinja huanzia huko.