Tawi Lina Pesa, Mtoto Hana Raba

Timu yangu siitaji. Nikiitaja tu, nusu yenu mtalifunga jarida hili na kulifungia maandazi, na nusu nyingine mtanipigia makofi kabla sijasema neno la maana. Basi jueni kwamba ni moja ya zile mbili za Kariakoo, kwamba nilizaliwa nayo kama nilivyozaliwa na masikio, na kwamba hapa Shanwe mimi ndiye mweka hazina wa tawi. Daftari la michango ninalo mimi. Haya ninayoyasema sikuhadithiwa.

Ndugu msomaji, hebu tuambiane ukweli. Shanwe ni kata ya mji wa Mpanda. Kutoka hapa kwenda Kariakoo unapanda treni, unakesha nayo mpaka Tabora, na hapo ndipo safari yenyewe inapoanza. Wengi wa washikaji zangu wa kijiweni hawajawahi kuiona Msimbazi wala Jangwani kwa macho yao. Lakini mshike mtoto yeyote wa darasa la nne pale Majengo, muulize nani alianza namba sita Jumamosi iliyopita. Atakujibu bila kumeza mate. Halafu muulize mkoa wake wa Katavi ulifika wapi kwenye UMISSETA. Atakutazama kama umemuuliza nauli ya kwenda mwezini. Na mtoto hana kosa. Wewe na mimi ndio tuliomfundisha.

Mwezi wa pili mwaka 2025 alinijia binti mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa jirani. Huyu anakimbia mita 800 na 1500. Anakimbia kweli, siyo kukimbia kwa kutumwa dukani. Alinikuta kijiweni, akasimama pembeni mpaka ubishi ulipotulia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Nyumbani kwema?"

Kwema. Ila mwalimu wa michezo amemwambia ajiandae kwa mashindano ya wilaya, na raba hana. Ameziona za mtumba sokoni, saizi yake, muuzaji anataka elfu arobaini. "Mama kasema nije kwako kaka, kwa vile wewe ndiye unashika hela za tawi."

Mama wa watu hakukosea. Hela za tawi nilikuwa nazo. Nikaitisha kikao, na kikao kikachukua kama dakika tano. Katibu akasema katiba ya tawi hairuhusu. (Tawi letu halina katiba. Lina muhuri.) Mwenyekiti akasema tukimpa huyu, kesho watakuja wote na vyeti vyao. Mmoja akacheka, akauliza kwani huyo binti ni mwanachama? Mimi sikusema kitu. Niliandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri kabisa: ombi limepokelewa.

Wiki mbili hazikupita, ukafika mchezo wa watani wa jadi, tarehe 8 Machi 2025. Jamani, mlione tawi letu! Kwa jioni moja tu nilikusanya shilingi laki tatu na elfu kumi na mbili. Bodaboda wanatoa, mama lishe wanatoa, kinyozi anatoa, hata mwalimu ambaye mshahara wake tunaujua anatoa. Tukanunua mbuzi, tukanunua mchele, tukakodi projekta na jenereta, maana umeme wetu tunaujua wenyewe. Jumamosi ikafika, pilau iko jikoni, jezi zimepigwa pasi. Mchana ikatangazwa: mechi haipo. Simba wamesema hawachezi kwa kuwa usiku wa jana yake walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa, na Bodi ya Ligi imeahirisha. Tukala pilau kama watu wa msibani. Mechi yenyewe ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda mbili bila, na wakati huo hela ya mbuzi ilishasahaulika na mbuzi pia.

Sasa sikilizeni. Tarehe 8 Machi ni Siku ya Wanawake Duniani. Siku hiyo hiyo, saa hizo hizo, wasichana wa sekondari walikuwa uwanjani na bonanza lao. Yule binti alikimbia mita 800 peku, kwenye changarawe, akashika namba moja. Niliyajua hayo Jumatatu. Nani angenipa habari mapema, wakati mji mzima ulikuwa umekaa unatazama kitambaa cheupe kisicho na picha?

Nimeshasikia mnachotaka kuniambia. Mwandishi wewe usitubanie, mpira ndiyo raha ya mnyonge. Sawa, kwani mimi natoka wapi? Marehemu baba alikuwa akisimulia Novemba 1993, Simba walipotoka suluhu kule Abidjan na Stella, nchi nzima ikajua kombe la CAF limeshakuja, wakaja kufungwa mbili bila hapa hapa nyumbani, Uwanja wa Taifa. Baba alikuwa Yanga, lakini alisema siku ile alikosa hamu ya kula. Mwaka 2023 Yanga wakafika fainali ya Shirikisho, USM Alger wakaja kushinda 2-1 Dar, Yanga wakaenda kushinda moja bila kwao, na bado kombe likabaki Algeria kwa sheria ya bao la ugenini. Mwaka 2025 Simba nao, Berkane wa Morocco. Mbili bila kule, moja moja Zanzibar. Mimi machozi hayo nayajua ladha yake. Sisemi msipende. Nasema tumependa mpaka tumepofuka.

Na hatupendi hata mpira, tukisema kweli. Tunapenda ubishi. Anayependa mpira angesikitika kwamba tangu ligi ya Bara ianze mwaka 1965, ukiziondoa hizi mbili, waliowahi kuchukua ubingwa wanahesabika kwa vidole. Cosmopolitan, Mseto, Pan African, Coastal Union, Mtibwa Sugar, Azam, na mmoja ambaye namweka pembeni kwa makusudi: Tukuyu Stars, mwaka 1986. Tukuyu! Mji wa mgomba na mvua, huko Rungwe. Hawakuwa na bandari wala hawakuwa na Kariakoo. Kilichowapa jeuri ni nini, kama si watu wa Tukuyu kuamua kwamba timu yao ni ya Tukuyu? Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, msimu wao wa kwanza wa ligi kuu, 2013/14, walishika nafasi ya tatu, Simba wakawa wa nne. Geita Gold wakamtoa George Mpole, mfungaji bora wa msimu wa 2021/22, mabao 17, akamwacha Mayele na 16.

Baada ya Mpole? Mayele wa Kongo na Ntibazonkiza wa Burundi wakagawana, akaja Aziz Ki wa Burkina Faso, kisha Ahoua wa Ivory Coast. Siwachukii wageni, nisieleweke vibaya. Huku kwetu Katavi tuna Katumba na Mishamo, tumesoma dawati moja na watoto wa Warundi waliokuja mwaka 1972, na wengi wao leo ni Watanzania wenzetu. Mgeni aje, afunge, tumshangilie. Ninachouliza ni kwamba, huyo mgeni anapofunga, wewe wa Nsemulwa unavimba kifua kwa lipi? Umechangia nini katika goli lile zaidi ya kelele na mkeka uliochanika?

Mchezaji hazaliwi Kariakoo. Anazaliwa kwenye chandimu, anakua kwenye uwanja wa shule. Na shule ndiko tulikochimba kaburi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wizara ya elimu, waziri akiwa Joseph Mungai, ilisimamisha UMITASHUMTA na UMISSETA nchi nzima, eti watoto wasome. Michezo ikarudi baadaye, serikali ilipobadilika, lakini ile fikra haikuondoka. Ipo mpaka leo kwenye ofisi za walimu na sebuleni kwetu: mtoto mwenye akili anasoma, asiye na akili apewe mpira. Utawala mmoja huko Dar, wa Kanali Kipingu pale Makongo, ulithubutu kuonyesha kwamba mtoto anaweza kushika vyote viwili, na sifa za shule ile zikavuma mpaka huku. Lakini Makongo ngapi tunazo? Mpanda kuna hata nusu ya Makongo?

Huku chuoni ndiyo kasheshe tupu. Mimi nimesoma chuo, sikitaji na si cha hapa. Kila mwaka kwenye karatasi ya ada kulikuwa na mstari wa michezo. Nililipa miaka mitatu, risiti ninazo. Kwa miaka mitatu niliona mpira mmoja wa miguu, na ulikuwa wa mshikaji wangu wa chumba cha pili. Uwanja ulikuwepo, mbuzi wa mkuu wa mabweni wakila kwa raha zao. Tukadai? Hatukudai. Siku ya mechi ya Kariakoo tulijaa ukumbini mpaka madirishani.

Halafu tunashangaa Wamarekani. Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5000 Moscow 1980, unajua alikuwa anakimbilia wapi miaka ile? Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso. Alichukua ubingwa wa mita 10,000 wa vyuo vya Marekani mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, huku akisoma. Hasheem Thabeet naye: Chuo Kikuu cha Connecticut, miaka mitatu, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili nchi nzima kuingia NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Wale wanaujaza uwanja kutazama wanafunzi! Wana dhambi zao, najua. Kwa miaka na miaka vyuo vilivuna mamilioni kwa jasho la vijana wasiolipwa senti zaidi ya ada na chakula, mpaka kesi zikawashinda, na tangu Julai 2025 ndipo vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Ni unyonyaji, lakini hata huo unyonyaji ulianzia kwenye kumwona mtoto. Sisi wetu hatumwoni hata wa kumnyonya.

Hapo ndipo panaponiuma. Tarehe 15 Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu, askari wetu wa JWTZ, alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia. Yeye na Mjerumani walipewa muda mmoja, saa mbili dakika tisa na sekunde 48, ikabidi picha ndiyo iamue: tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo yaanze. Huku kwetu ilikuwa alfajiri mbichi, majogoo hayajawika. Asubuhi nikafika kijiweni mbio mbio nikidhani nitakuta ngoma. Nikakuta wanabishana penalti. Nikasema jamani, Simbu! Mmoja akaniuliza, "Huyo kasajiliwa na nani?"

Nilitaka kulia, nikacheka. Yule aliyeuliza ni kijana mwenye akili nyingi, anaandika mashairi, na mojawapo lilishatoka katika kurasa hizi.

Na ndiyo maana naleta haya hapa, nisiyapeleke kwenye gazeti la michezo. Nyie waandishi wenzangu, hebu fungueni madaftari yenu. Hadithi zetu za mpira ni ile ile: kijana maskini, mguu wa kushoto, anaonwa na wakubwa wa Kariakoo, anavaa kumi mgongoni, anafunga dakika ya 90. Msichana yuko jukwaani, anampungia leso. Mara ngapi tumeiandika? Mimi mwenyewe mara mbili. Nani kaandika juu ya msichana anayepunga leso kwa sababu amemaliza mbio zake na anajifuta vumbi? Nani kaandika juu ya mwalimu wa michezo anayenunua chaki za kuchorea mistari ya uwanja kwa hela yake? Tunalia kwamba huku pembezoni hatusomwi, tunapuuzwa na watu wa Dar, kumbe kalamu zetu zenyewe zilishapanda treni zamani, ziko Kariakoo zinabeba mabegi ya mastaa.

Mtanunia maneno haya, najua. Katibu wa tawi ameshasema nikiyachapisha nirudishe daftari. Nitalirudisha, lakini si leo.

Yule binti sasa yuko kidato cha nne. Anaamka saa kumi na moja, anakwenda na barabara mpaka inakoishia nyumba, anarudi, anachota maji, anakwenda shule. Raba amepata, za kaka yake, zimemzidi namba mbili, anajaza vitambaa kwenye vidole. Mechi ya watani inayofuata tumeshaanza kuichangia. Majina yako ukurasa wa kushoto, kwa siku tatu yamefika 41. Ukurasa wa kulia niliuacha wazi, nikaandika juu: raba, 40,000. Nalipitisha daftari wazi, kila mtu anaziona kurasa zote mbili. Mpaka naandika haya, kulia wako wawili. Mimi, nimetoa elfu tano, na mama anayetuuzia supu, ambaye mpira hajawahi kuutazama. Katoa elfu kumi.