Ufizi Utokao Damu Usipuuzwe

Yapo maradhi yanayomwingia mtu bila ya kumwonya kwa maumivu, na ugonjwa wa ufizi ni mojawapo. Mtu mzima apigapo mswaki huona damu, hutema, kisha husahau. Mwingine huacha kabisa kusugua mahali hapo, akidhani kuwa mswaki ndio unaomdhuru. Miaka ikipita, ufizi hurudi nyuma, meno hulegea na kung'oka, na jamaa husema kuwa huo ndio uzee. Dhana hizo mbili huwapotezea watu wengi meno yao, na shuleni ndipo zinapopaswa kusahihishwa.

Kila siku utando laini wa bakteria hujijenga juu ya meno, hasa mpakani mwa ufizi. Usipoondolewa, hupokea madini yaliyomo katika mate ukagandamana kuwa ukoga mgumu usiotoka kwa mswaki. Mwili hujikinga kwa kupeleka damu nyingi mahali hapo. Ndiyo maana ufizi huvimba, huwa mwekundu na hutoka damu kwa urahisi. Hatua hii hupona kabisa. Lakini kwa baadhi ya watu ugonjwa hushuka chini, ukazikata nyuzi zinazolishika jino na kuula mfupa wa taya. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

Ushahidi upo. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, huko Aarhus, Denmark, walitangaza matokeo ya jaribio la watu 12 wenye fizi nzima waliokubali kuacha kusafisha meno. Wote waliugua uvimbe wa ufizi katika muda wa siku 10 hadi 21. Walipoanza tena kusafisha, fizi zao zilipona kwa muda wa wiki moja hivi.

Kuanzia 1970 hadi 1985 Löe na wenzake waliwafuatilia wanaume 480, vibarua wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, wasiokuwa na desturi ya kusafisha meno. Asilimia 8 waliharibika haraka, asilimia 81 kwa kiasi, na asilimia 11 ugonjwa haukuendelea zaidi ya uvimbe. Katika umri wa miaka 35, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza takribani milimita 9 za mshiko wa jino, na la mwisho chini ya milimita 1. Umri ni ule ule, hali ni mbalimbali. Basi uzee si mkosaji.

Pengine msomaji atauliza: ikiwa wengine husalimika hata bila mswaki, kwa nini kujisumbua? Jibu ni kwamba walio wengi hawakusalimika. Tena uvutaji wa tumbaku na ugonjwa wa kisukari huongeza hatari.

Kinga yenyewe si ghali. Yatosha mswaki, hata wa mti uliotafunwa ncha vizuri, kutumiwa mara mbili kwa siku mpaka mpakani mwa ufizi na, kadiri iwezekanavyo, katikati ya meno. Damu ikionekana, mahali hapo pazidi kusafishwa kwa upole, wala pasiachwe. Ukoga mgumu hukwanguliwa na mtaalamu wa meno. Vidonge na maji ya chumvi haviwezi kuuondoa. Damu isiyokoma baada ya wiki mbili za usafi mwema yataka uchunguzi.

Mwaka 1683 Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, alikwangua utando wa meno yake mwenyewe, akaona kwa lenzi yake viumbe hai wakienda huku na huko. Shule yenye hadubini yaweza kurudia tendo hilo kwa kijiti safi na tone la maji. Mwanafunzi aliyekwisha kuwaona wakazi hao wa kinywa chake atawaeleza wazazi wake maana ya damu ile, wakati jino lingali imara.