Wanafunzi waruhusiwe kusikiliza sauti za angani

Kila ukungu unapoondoka kileleni mwa Mlima Kenya, mwanafunzi wa Nyeri, Karatina au Nanyuki huisikia ndege ikipita juu ya paa la darasa lake. Huinua macho akaitazama hadi inapotokomea, kisha akarejea daftarini. Hajui kwamba dakika ile ile huenda rubani alikuwa akizungumza, na kwamba sauti yake ilipita humo humo darasani, ikikosa tu chombo cha kuinasa.

Chombo hicho kipo. Ni redio ya skana, ambayo hupekua masafa moja baada ya jingine na kutua pale inapokuta sauti. Siku hizi hata kifaa kidogo kama kidole, kinachochomekwa katika tarakilishi, huweza kuifanya kazi hiyo. Marubani wa ndege za kiraia na waongozaji wao huzungumza katika masafa ya megahezi 118 hadi 137, juu kidogo tu ya yale ya FM ambayo kila nyumba huyafungulia kwa habari na muziki. Swali letu leo ni hili: je, ni busara, na ni halali, kwa mwalimu wa Fizikia kukileta chombo hicho darasani? Rai yetu ni kwamba ni busara kubwa, na kwamba wenye mamlaka wana wajibu wa kuufungua mlango wa halali.

Tuanze na busara. Vitabu vya shule husema kwamba mawimbi ya aina hii husafiri kwa mstari ulionyooka. Mwanafunzi huikariri kauli hiyo, akaiandika katika mtihani, akaisahau. Lakini anayeishi katikati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare anaweza kuipima kwa masikio yake mwenyewe. Ndege iliyo mita 10,000 angani huweza kusikika kutoka umbali wa kilomita 400 hivi, maadamu hakuna kizuizi. Kinyume chake, mwongozaji aliye Nairobi, takriban kilomita 100 tu kutoka Nyeri, huenda asisikike kamwe iwapo matuta yameikinga antena yake. Msikilizaji hupata nusu ya mazungumzo: jibu la rubani bila swali lililoulizwa. Mwanafunzi atakayejiuliza sababu yake, akaichora milima ile ubaoni na mstari wa mawimbi juu yake, hatalisahau somo hilo maishani.

Fizikia si peke yake inayofaidika. Mwalimu wa lugha naye ana fungu lake. Mnamo Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana katika njia ya kurukia huko Tenerife, watu 583 wakapoteza maisha. Kulikuwa na ukungu mzito. Rubani wa KLM alidhani amekwisha kuruhusiwa kuruka. Mwongozaji alimwambia asubiri, na wakati huo huo wale wa Pan Am wakatamka kwamba wangali njiani. Sauti hizo mbili zilikutana katika masafa mamoja, na ndani ya chumba cha rubani wa KLM ukasikika mlio mkali uliozifunika.

Baada ya msiba huo, lugha ya angani ilikazwa. Neno la kuruka hutumiwa tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Penginepo pote hutumika neno jingine. Rubani hurudia agizo muhimu kama alivyolisikia, na mwongozaji akamsahihisha iwapo amekosea. Ni mara ngapi tumewasihi wanafunzi waseme kwa ufupi na kwa usahihi, nao wakaona ni ukali wa mwalimu tu? Wakiwasikiliza watu ambao neno moja lililopotoka laweza kuwaua, watatambua kwamba ufasaha si pambo.

Wakazi wa eneo hili wana sababu nyingine ya kuyajali mambo ya anga. Julai 19, 2003, ndege iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Samburu iliugonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Juni 5, 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kuelekea Nairobi ilianguka katika milima ya Aberdare ikiwa na watu 10. Hakunusurika hata mmoja, na mabaki yake hayakuonekana hadi Juni 7. Hatudai kwamba mwanafunzi mwenye redio angeliizuia misiba hiyo. Tunalosema ni kwamba mlima wenye urefu wa mita 5,199 si picha ya kuwauzia watalii tu. Kwa rubani ni hatari anayopaswa kuifahamu vyema. Ni aibu kwa mtoto aliyezaliwa chini yake kumaliza shule bila kujua jinsi ndege zinavyoongozwa ili zisiugonge, wala kwamba kuongoza ndege ni kazi ambayo yeye pia anaweza kuisomea hapa hapa nchini, katika Shule ya Usafiri wa Anga ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi.

Hata hivyo, tunajua fika kwamba baadhi ya wasomaji wamekwisha kukunja uso. Katika eneo hili, redio na ndege havikuja mikono mitupu. Wazee wanakumbuka miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, ndege za Waingereza zilipodondosha mabomu katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Kizazi kilichofuata kinaikumbuka Agosti 1, 1982, wanajeshi wa angani walipojaribu kuipindua serikali, wakaiteka Sauti ya Kenya jijini Nairobi huku ndege za kivita zikiruka kutoka kambi ya Nanyuki. Aliyeyaona hayo akimkuta kijana na antena darini, atauliza kwanza anamsikilizia nani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Woga huo tunauheshimu, lakini haufai kuwa sera ya elimu. Mazungumzo ya ndege za kiraia hayana siri ya kulindwa. Yameachwa wazi makusudi, ili kila rubani aliye karibu ajue wenzake wako wapi. Katika viwanja vidogo visivyo na mnara, marubani hujitangazia wao kwa wao kwamba wanatua au wanaruka. Redio za polisi na za jeshi ni jambo jingine kabisa, na hakuna somo linalomhitaji mwanafunzi azikaribie.

Kuhusu sheria, tusidanganyane. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 imeiweka mitambo ya redio chini ya leseni. Kanuni za kimataifa za redio nazo huzitaka nchi zizuie kunaswa bila idhini kwa mawasiliano yasiyokusudiwa umma, pamoja na kuyatangaza. Nchi zimetofautiana katika kulitekeleza hilo: Uingereza hukataza kuwasikiliza waongozaji wa ndege, ilhali sheria ya Marekani huruhusu. Kwa hiyo mwalimu asinunue chombo leo na kukiwasha kesho kwa kisingizio cha elimu. Mwalimu anayevunja sheria mbele ya wanafunzi amewafunza somo jingine, tena baya.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Mamlaka ya Mawasiliano itoe mwongozo mfupi, kwa lugha nyepesi, unaoeleza jinsi shule inavyoweza kuomba idhini ya kusikiliza masafa ya ndege za kiraia kwa ajili ya masomo, kwa ada ambayo shule ya kijijini itaimudu. Pili, Mamlaka ya Usafiri wa Anga iwatume wataalamu wake katika shule za Nyeri, Kirinyaga, Laikipia na Meru ili wawaeleze wanafunzi wanachokisikia. Tatu, kila shule itakayopewa idhini iwe na masharti yasiyovunjwa: chombo kiwe cha kupokea tu, kisiweze kurusha hata neno moja, kikae chini ya ulinzi wa mwalimu, na yanayosikika yasichukuliwe kupelekwa sokoni.

Sikio halilali na njaa. Vijana wetu watasikiliza, tukitaka tusitake, kwa maana vifaa vinazidi kuwa rahisi kupatikana. Afadhali wasikilize wakiwa na mwalimu kando na kibali ukutani, kuliko wajifiche darini huku wakiogopa mlango kubishwa.