Nani Alikuwako Akaona? Maoni juu ya Kufundisha Tabia ya Nchi ya Kale kwa Ushahidi wa Tope

Mkufunzi akaaye nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya kufundisha huona mambo ambayo mwenye chaki mkononi hayaoni. Siku moja nilikuwa nimeketi hivyo katika shule moja ya sekondari iliyo kandokando ya Ziwa Victoria. Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha jiografia. Andalio lake la somo lilikuwa limekamilika, sauti yake ilisikika vizuri, na mwandiko wake ubaoni ulipendeza. Akaandika: "Zamani Ziwa Victoria lilikauka kabisa." Mvulana mmoja, ambaye nilielezwa baadaye kuwa ni mtoto wa mvuvi, akainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, nani alikuwako akaona?" Darasa likacheka. Mwanachuo akajibu kwamba wataalamu wamekwisha kuthibitisha jambo hilo, kisha akawataka waandike. Wakaandika.

Jioni ile, tulipokuwa tukizungumzia somo lake, nilimwambia mwanachuo kwamba kipindi kizima hakikuwa na jambo lenye thamani kuliko swali lile, naye alilipita. Aliniuliza angelijibu vipi. Makala haya ni jitihada yangu ya kumjibu yeye, pamoja na walimu wengine wanaokabiliwa na swali la namna hiyo. Maoni yangu, kwa ufupi, ni kwamba habari za tabia ya nchi ya kale hazifai kufundishwa kama orodha ya matukio ya kukariri. Yafaa zifundishwe kama kesi inayosikilizwa, yaani pawepo ushahidi, wawepo mashahidi wanaohojiwa, na iwepo hukumu inayoweza kukatiwa rufani.

Tope na kumbukumbu zake

Wakati Ziwa Victoria lilipokauka watu walikuwako katika Afrika Mashariki, lakini hawakutuachia maandishi. Kilichobaki ni tope. Kila mwaka mito huingiza udongo ziwani, upepo huleta vumbi na chavua za mimea, nao viumbe wadogo wa majini hufa na kuzama. Vyote hivyo hutua chini, kipya juu ya kile cha zamani, na hivyo mashapo ya ziwa huongezeka mwaka baada ya mwaka. Mtaalamu hushindilia bomba ndani ya mashapo hayo na kulitoa likiwa limejaa nguzo nyembamba ya tope. Ncha ya juu ni ya jana; kadiri ashukavyo ndivyo anavyorudi nyuma katika miaka.

Kazi hii ina historia yake katika bara letu. Daniel Livingstone, wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kuchunguza tope la maziwa ya Afrika. Mwaka 1969 Kendall alichapisha historia ya mimea ya bonde la Ziwa Victoria, aliyoipata kwa kuhesabu chavua katika tope la ghuba moja ya upande wa Uganda. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walitangaza kwamba chini ya tope laini la ziwa hilo, hata mahali penye kina kirefu, wamekuta tabaka gumu lenye alama za vijizizi na nyufa za udongo uliokauka juani. Sasa mwalimu na amrudishie mvulana yule swali: Je, majani ya nchi kavu yaweza kuota chini ya maji ya kina cha mita 60 na zaidi? Kama hayawezi, basi mahali pale palikuwa nchi kavu. Vipimo vya umri vinaonyesha kwamba ziwa lilianza kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita.

Tazama tofauti iliyopo. Sentensi iliyoandikwa ubaoni ilikuwa ya kweli, lakini kwa wanafunzi wale haikuwa na nguvu kuliko uvumi. Sentensi ile ile, ikifuatana na vijizizi na nyufa, ni maarifa.

Shahidi mmoja hatoshi

Hapa ndipo walimu wengi, hata wale wapendao zana za kufundishia, hukosea. Baada ya kueleza kwamba chavua hutambulisha mimea ya kale, husimama hapo. Lakini kila shahidi ana udhaifu wake, na mwanafunzi ana haki ya kuufahamu.

Ganda la chavua ni gumu mno, kwa hiyo hudumu katika tope kwa maelfu ya miaka. Hata hivyo si kila chavua hutua karibu na mmea wake. Chavua za mpodo hupeperushwa mbali na upepo. Zikikutwa katika ziwa la bondeni hazithibitishi kwamba mipodo iliota ufukweni pale. Daiatomu, yaani mimea midogo sana ya majini yenye maganda kama kioo, hutuambia kama maji yalikuwa baridi au ya chumvi, kwa kuwa kila jamii ina maji yanayoifaa. Lakini maganda hayo huweza kuyeyuka na kutoweka. Kaboni 14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, na kwa kipimo hicho twaweza kukadiria umri hadi miaka 50,000 hivi. Lakini mto ukileta ziwani mabaki yaliyokuwa yamekwisha kuzeeka nchi kavu, tope litaonekana kongwe kuliko lilivyo.

Kwa sababu hiyo mtaalamu makini haamui kwa shahidi mmoja. Huwaita wote, na kuangalia ni wapi wanapokubaliana.

Je, wasipokubaliana? Ziwa Victoria lenyewe latupa mfano mzuri sana wa kufundishia. Lina zaidi ya aina 500 za samaki wadogo ambao wavuvi wa Mwanza huwaita furu, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote. Ikiwa ziwa lilikauka, aina zote hizo zimepata wapi nafasi ya kutokea katika miaka 15,000 tu? Wapo wataalamu wa samaki waliokataa kabisa kwamba ziwa lilikauka. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba nasaba za furu ni kongwe kuliko ukame ule. Mwaka 2017 uchunguzi mwingine ulieleza kwamba mababu wa samaki hao walitokana na kuchanganyika kwa nasaba mbili za kale, moja ya upande wa Nile na nyingine ya upande wa Kongo, na kwamba mchanganyiko huo ulikuwa akiba iliyowezesha aina mpya kutokea upesi. Hivyo tope halikulazimika kutupwa, wala samaki hawakupuuzwa. Kilichobadilika ni maelezo. Mtoto wa mvuvi angeweza kuchangia mengi katika mjadala huo, kwani furu anawajua kuliko mwalimu wake.

Faida yake kwa maisha yetu

Huenda mtu akauliza: haya yote yana faida gani kwa kijana ambaye kesho atalima au kuvua? Napenda kujibu kwa mifano miwili.

Ziwa Chala ni ziwa la kreta lililo mashariki ya Mlima Kilimanjaro, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita ndani yake. Kina chake kinazidi mita 90, na huko chini hakuna oksijeni. Kwa hiyo hakuna viumbe wa kulifukuafukua tope. Katika miezi ya upepo na ukavu maji huchanganyika, daiatomu huongezeka sana, na maganda yao huacha utepe mweupe. Katika majira ya mvua hutua utepe mweusi. Jozi moja ya tepe hizo ni mwaka mmoja. Mwaka 2016 wataalamu walitoa hapo nguzo ya tope yenye urefu wa mita 215 hivi, ambayo ni kumbukumbu ya miaka ipatayo 250,000.

Mfano wa pili ni Ziwa Naivasha. Mwaka 2000 Verschuren na wenzake walichapisha historia ya miaka 1,100 ya ziwa hilo. Walionyesha kwamba kati ya mwaka 1000 na 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko leo. Kisha ikafuata karne za maji mengi, zilizokatizwa na vipindi vitatu vya ukame: 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Ukame huo ulikuwa mkali kuliko wowote ulioandikwa katika karne ya 20. Zaidi ya hayo, vipindi hivyo vinalingana na masimulizi ya wazee wa nchi za Maziwa Makuu juu ya njaa, vita na kuhamahama. Hapo mwalimu wa jiografia na mwalimu wa historia waweza kuingia katika darasa moja.

Vipimo vyetu vya mvua ni vya muda mfupi. Mwenye kuvitegemea peke yake atadhani amekwisha kuona mabaya yote. Mnamo Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango kilichofikiwa mwaka 1964, na waliokuwa wamejenga ufukweni wakahama. Wengi walisema jambo hilo halijapata kuonekana. Lilikuwa limeonekana, lakini liliishi katika kumbukumbu za wazee na katika vitabu vya vipimo, wala si katika madarasa yetu.

Njia ya kufundishia

Zana inayotumiwa sana ni chupa yenye maji, mchanga na udongo, ambayo hutikiswa na kuachwa itulie. Zana hii ni nzuri, lakini hupotosha isipoangaliwa. Mtikiso mmoja hutoa matabaka mawili au matatu, na mwanafunzi akishaambiwa kwamba matabaka ni miaka, ataamini kwamba dakika 10 ni miaka mitatu. Kwa hiyo napendekeza zoezi lifuatalo, ambalo nimelitumia na wanachuo kwa mafanikio.

(1) Gawa darasa katika makundi. Kila kundi lipate chupa ya kioo yenye mdomo mpana na maji nusu. Kwa siku nane litunge kwa siri historia ya ziwa lake, likitia kidogo kidogo: udongo mwekundu kwa mvua kubwa, mchanga kwa mafuriko, jivu kwa mlipuko wa volkano, mkaa uliosagwa kwa moto wa nyika. Mkaa huelea, uloweke kwanza usiku kucha. Kila tabaka liachwe litulie kabla ya kutia jingine.

(2) Kundi liandike historia yake na kuifunga ndani ya bahasha.

(3) Makundi yabadilishane chupa. Kila kundi lisome chupa ya wenzake na kujaza jedwali la safu tatu: Tulichokiona, Tunachokidhani, Jambo ambalo likionekana litatufanya tubadili dhana yetu.

(4) Bahasha zifunguliwe, makosa yajadiliwe bila kuchekana.

(5) Mwishoni mwalimu aulize: mtaalamu wa Ziwa Chala ataipata wapi bahasha yake? Hana. Ndiyo maana huhitaji mashahidi wengi.

Baada ya hapo darasa liende kutazama ukingo wa korongo au shimo la wafyatua matofali. Watazame kutoka juu. Wasiingie, kwa maana kuta za udongo huporomoka.

Pingamizi

Naelewa kwamba vipindi ni vichache, madarasa yamejaa, na mtihani hauulizi bahasha. Lakini zoezi hili huchukua dakika tano kwa siku na halina gharama, na mwanafunzi aliyelifanya hukumbuka habari za mashapo pasipo kukaririshwa.

Wengine huhofu kwamba kumwonyesha mwanafunzi udhaifu wa ushahidi ni kumfundisha kutoamini chochote. Uzoefu wangu ni kinyume. Asiyeamini chochote aghalabu ni yule aliyeaminishwa kwa amri, kisha siku moja akagundua kosa.

Tena wapo watakaosema: ikiwa tabia ya nchi ilibadilika yenyewe tangu kale, basi mabadiliko ya leo si kitu. Mwalimu asiikwepe hoja hii. Ailete mbele ya mashahidi wale wale. Mapovu ya hewa yaliyonaswa katika barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba katika miaka 800,000, hadi kabla ya viwanda kuanza, hewa ya kaboni dioksidi haikuzidi sehemu 300 katika milioni. Sasa imepita 420. Ushahidi unaotuambia kwamba ziwa lilikauka ndio pia unaotuambia kwamba jambo la leo ni geni.

Mwanachuo yule sasa ni mwalimu. Endapo atayasoma maneno haya, na mtoto mwingine akainua mkono na kuuliza nani alikuwako, namwomba aiweke chaki chini. Amwambie mtoto kwamba hakuna aliyetuandikia, kisha aliulize darasa zima: "Basi sisi tungewezaje kujua?" Na awape muda wa kufikiri kabla ya kujibu.